Difu ya gari la kale: Hesabu ya kufanywa kabla ya kupanda Kericho

LAND ROVER kuukuu inayotoka Kisumu alfajiri kuelekea Nairobi hupita barabara za aina mbili katika safari moja. Ya kwanza ni tambarare ya Kano, kutoka mjini hadi Ahero na Awasi, ambako dereva aweza kukaa katika gia ya nne kwa muda mrefu bila kuigusa. Ya pili huanzia pale ardhi inapoinuka kuelekea Kericho, na haitulii hadi Mau Summit, mahali palipo zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Victoria liko mita 1,134 hivi. Gari hilo basi hupandishwa karibu mita 1,400 kabla ya saa sita mchana.

Katika barabara ya kwanza, mwenye gari hulalamika kwamba injini yapiga kelele mno na mwendo ni mdogo. Katika ya pili hulalamika kwamba gari limeishiwa nguvu. Malalamiko yote mawili huelekezwa kwa injini, ilhali mara nyingi jibu limo nyuma, ndani ya lile kasha la chuma lililo katikati ya ekseli, ambalo mafundi huliita difu.

Wapenzi wa magari ya kale huvutiwa sana na wazo la kutoa difu ya kiwandani na kutia nyingine inayoipumzisha injini. Wazo hilo lina manufaa yake. Hata hivyo, difu inayomfurahisha dereva kule Ahero yaweza kumwaibisha Londiani, na yaweza kumwingiza hatarini akiteremka au akiingia mjini. Ndiyo maana hesabu hufaa kutangulia spana.

Difu na kazi yake

Nguvu ya injini hupitia klachi na giaboksi, kisha hufuata mhimili mrefu ulio chini ya gari, yaani propela, hadi kwenye ekseli ya nyuma. Huko hukutana na gia mbili. Ndogo huitwa pinioni, nayo huzungushwa na propela. Kubwa huitwa krauni, nayo huzungusha magurudumu. Kwa kuwa pinioni ina meno machache na krauni ina meno mengi, propela hulazimika kuzunguka mara kadhaa ili gurudumu lizunguke mara moja.

Idadi hiyo ya mizunguko ndiyo uwiano wa difu. Krauni yenye meno 41 ikiendeshwa na pinioni yenye meno 10, uwiano ni 4.1. Yenye meno 35 ikiendeshwa na pinioni ya meno 9, uwiano ni 3.89. Watengenezaji hupendelea hesabu zisizogawanyika sawasawa, ili jino moja lisikutane na mwenzake yule yule kila mzunguko. Kwa njia hiyo meno yote hulika kwa usawa.

Nambari kubwa humaanisha kwamba injini huzunguka sana kwa kila hatua ya gari. Msukumo unaofika kwenye magurudumu huwa mkubwa, lakini mwendo huwa mdogo. Hiyo yaweza kuitwa difu ya mlima. Nambari ndogo humaanisha kinyume: injini huzunguka kidogo, gari hukimbia, na msukumo hupungua. Hiyo ni difu ya tambarare. Hakuna difu inayotoa vyote viwili, kwa maana gia haiongezi nguvu ya injini. Kazi yake ni kubadilishana mwendo kwa msukumo.

Mfano wa Land Rover

Gari linalofaa zaidi kwa mfano ni Land Rover ya Series III, iliyotengenezwa kuanzia mwaka wa 1971 hadi 1985. Magari ya aina hii yalijulikana sana katika mashamba, misheni na idara za serikali, na yaliyosalia sasa hutunzwa kama urithi.

Injini yake ya petroli ya lita 2.25 hutoa takriban nguvu 70 za farasi inapozunguka mara 4,000 kwa dakika. Difu yake ni ya 4.7. Kati ya giaboksi na propela kuna kijisanduku kingine cha gia ambacho, katika matumizi ya kawaida ya barabarani, hupunguza mwendo kwa uwiano wa 1.148. Ukizidisha 4.7 kwa 1.148 wapata 5.4. Yaani katika gia ya nne, injini huzunguka mara 5.4 ili gurudumu lizunguke mara moja.

Tairi la 7.50-16 husafiri takriban mita 2.45 kwa mzunguko mmoja. Kwa hiyo gari likiwa na mwendo wa kilomita 80 kwa saa, magurudumu huzunguka mara 544 kwa dakika, nayo injini huzunguka takriban mara 2,940. Hiyo ndiyo kelele inayomchosha msafiri kati ya Kisumu na Ahero.

Dawa inayojulikana kote duniani ni difu ya Range Rover ya zamani. Gari hilo lilizinduliwa mwaka wa 1970 likiwa na difu ya 3.54, na muundo wake ni wa ukoo mmoja na wa Land Rover. Ikitiwa, mizunguko ya injini kwa mwendo ule ule wa kilomita 80 hushuka kutoka 2,940 hadi takriban 2,210. Mazungumzo huwezekana ndani ya gari, na injini hupumzika.

Hapo ndipo wengi hukomesha hesabu, ingawa bado iko nusu. Range Rover ilipewa difu ya 3.54 kwa sababu ilikuwa na injini ya V8 ya lita 3.5, yenye nguvu inayokaribia maradufu ya ile ya Land Rover. Difu ilifuata injini. Anayechukua difu na kuiacha injini amechukua kiatu cha mtu mwingine bila kuupima mguu wake.

Kipimo cha gia ya juu

Wahandisi wana kipimo chepesi cha kujua kama difu na injini zinapatana. Huuliza: injini inapofikia mizunguko inayotoa nguvu yake yote, gari lingekuwa na mwendo gani katika gia ya juu? Kisha hulinganisha jibu na mwendo ambao gari hilo laweza kuufikia kwa kweli.

Kwa Land Rover yenye difu ya 4.7, mizunguko 4,000 ni sawa na mwendo wa kilomita 109 kwa saa. Huo ndio karibu upeo wa gari lenye nguvu 70 za farasi na umbo la kisanduku. Kwa maneno mengine, kiwanda kilikuwa kimepatanisha vizuri.

Kwa difu ya 3.54, mizunguko hiyo hiyo ni sawa na kilomita 145 kwa saa. Gari hilo haliwezi kamwe kufikia mwendo huo. Maana yake ni kwamba katika gia ya nne injini haitawahi kutoa nguvu yake yote. Gia ya nne huwa ya kupumzikia tu, na gia ya tatu hulazimika kufanya kazi yake ya zamani.

Ushahidi watoka kwa Land Rover wenyewe. Walipoleta One Ten mwaka wa 1983, waliipa difu ya 3.54. Lakini katika magari ya injini ya silinda nne waliongeza upunguzaji wa mwendo katika kile kijisanduku cha kati, wakatia na giaboksi ya gia tano. Walichoondoa nyuma walikirudisha katikati. Anayebadilisha difu peke yake hufanya nusu ya kwanza ya kazi hiyo na kuiacha ya pili.

Hewa nyepesi ya milimani

Nguvu za farasi zinazoandikwa vitabuni hupimwa katika hali inayokaribiana na ile ya usawa wa bahari. Injini isiyo na tabo hutegemea hewa inayoivuta yenyewe, na hewa hupungua uzito kadiri mtu anavyopanda. Katika mita 1,134 za Kisumu, uzito wa hewa ni takriban asilimia 90 ya ule wa Mombasa, na joto la ziwani huupunguza zaidi. Kericho, kwenye mita 2,000 hivi, ni asilimia 82. Mau Summit ni asilimia 78. Nguvu ya injini hushuka karibu kwa kiwango hicho hicho. Farasi 70 wa kitabuni huwa 63 Kisumu, na hawazidi 55 kule juu.

Tuseme Land Rover hiyo, pamoja na abiria na mizigo, ina uzito wa kilo 2,000, nayo yapanda mwinuko wa mita 5 kwa kila mita 100 ikiwa na mwendo wa kilomita 60 kwa saa. Kuuinua uzito huo peke yake kwahitaji nguvu 22 za farasi. Ukiongeza upinzani wa hewa na msuguano wa matairi, mahitaji hufikia takriban 37.

Katika gia ya nne na difu ya 4.7, injini huzunguka mara 2,200 kwa dakika, na kwenye hewa ya Mau Summit yaweza kutoa karibu nguvu 40. Ukitoa zinazopotelea kwenye gia, gari huendelea kwa shida, lakini huendelea. Kwa difu ya 3.54, injini huzunguka mara 1,660 tu na hutoa nguvu 30. Hizo hazitoshi. Mwendo hushuka, na dereva hana budi kurudi gia ya tatu.

Gia ya tatu ya Series III ina uwiano wa 1.5. Akiiingiza, injini hupaa ghafla hadi karibu mizunguko 2,490, ambayo ni mingi kuliko ile 2,200 ya difu ya zamani katika gia ya nne. Basi ile kelele aliyoikimbia tambarare humngojea mlimani, tena ikiwa imezidi.

Akikataa kurudisha gia na kukanyaga mafuta hadi mwisho, madhara ni makubwa zaidi. Injini inayolazimishwa katika mizunguko michache huanza kugonga, joto hupanda ilhali feni na pampu ya maji huzunguka polepole, nayo beringi za ndani hubeba mzigo mzito huku mgandamizo wa oili ukiwa mdogo. Wengi huja kulaumu gasketi ya kichwa cha injini, na hali chanzo kilikuwa mguu wa dereva na difu isiyofaa.

Kuondoka pia hubadilika. Katika gia ya kwanza, msukumo wa magurudumu hupungua kwa robo nzima. Anayevuta mashua kutoka mchangani Dunga, au kubeba barafu na samaki kutoka Usenge, ataunguza klachi mapema asipojizoeza kutumia gia za chini za kile kijisanduku cha kati.

Spidomita inayodanganya

Jambo linalosahauliwa zaidi ni spidomita. Katika Land Rover hizi, waya wa spidomita hupata mzunguko wake kabla ya difu. Difu ikibadilishwa kutoka 4.7 hadi 3.54, mshale haujui. Unapoonyesha kilomita 60 kwa saa, gari lina mwendo wa 80. Unapoonyesha 50, ambao ni upeo wa kisheria mijini nchini Kenya, gari linapita Kondele kwa kilomita 66 kwa saa.

Tofauti hiyo si ya kupuuzwa. Umbali wa kusimama huongezeka kwa kasi kuliko mwendo wenyewe: mwendo ukiongezeka kwa theluthi, breki huwa na kazi ya kuondoa nishati inayozidi ile ya kwanza kwa zaidi ya robo tatu. Land Rover za Series zina breki za ngoma kwenye magurudumu yote manne, na ngoma zikipata joto hupoteza nguvu. Spidomita hufaa kurekebishwa siku ile ile difu inapotiwa.

Kuna na suala la mteremko. Dereva akiachia mafuta, injini huzuia gari kupitia gia zile zile zilizokuwa zikilisukuma. Difu ya 3.54 hupunguza kizuizi hicho kwa robo. Mtu aliyezoea kuteremka kutoka Kericho hadi Awasi katika gia ya tatu, au kutoka Riat hadi Mamboleo, ataona gari lakimbia kuliko zamani katika gia ile ile. Sharti ashuke gia moja zaidi kabla ya mteremko kuanza, wala asisubiri breki zinuke.

Peugeot na difu ya skrubu

Si magari yote ya kale yenye krauni na pinioni. Peugeot 404, iliyojipatia sifa Afrika Mashariki kwa kushinda mashindano ya Safari mwaka wa 1963, 1966, 1967 na 1968, ilikuwa na muundo wa pekee. Badala ya pinioni, ina gia iliyo mfano wa skrubu, inayozungusha gurudumu la bronzi. Difu hiyo ni tulivu na ya kudumu, lakini haikubali vipuri vya magari mengine.

Isitoshe, bronzi yaweza kuliwa na kemikali zilizomo katika baadhi ya oili za kisasa za difu, ambazo zilibuniwa kwa meno ya chuma. Mwenye 404 anayejaza oili yoyote iliyo dukani aweza kuiharibu difu iliyokwisha kuvumilia zaidi ya nusu karne. Anayetaka uwiano mwingine hana njia rahisi: sharti apate gia za gari la aina hiyo hiyo, au abadilishe ekseli nzima.

Peugeot 504 iliyofuata, na ambayo ilishinda Safari mwaka wa 1975 na 1978, iliachana na skrubu hiyo katika saluni yake ikatumia krauni na pinioni. Hata hivyo, saluni na pikapu za 504 zina ekseli tofauti kabisa. Saluni ina magurudumu ya nyuma yanayojitegemea, na pikapu ina ekseli moja ngumu iliyokalia springi za bapa. Jina moja ubavuni halimaanishi kwamba kilicho chini ni kimoja.

Injini ngeni, difu ya zamani

Mara nyingine shida huja kwa njia ya kinyume: difu ni ya asili, lakini injini imebadilishwa. Injini ya asili ikichoka na vipuri vikikosekana, mwenye gari hutia injini ya Kijapani iliyotumika, na mara nyingi huwa ya dizeli.

Dizeli hutoa msukumo wake katika mizunguko michache, wala haipendi kuzungushwa sana. Ikifungwa kwenye difu ya mlima, hufikia kikomo chake cha mizunguko mapema, na dereva huiendesha siku nzima karibu na kikomo hicho. Hapo difu ya tambarare ni stahiki yake. Injini ndogo ya petroli ya kisasa ni tofauti. Nguvu zake huwa juu, pengine kwenye mizunguko 5,500 au 6,000. Ikifungwa kwenye difu ya tambarare katika gari zito, haitafika zilipo nguvu zake, na gari litakuwa goigoi kuliko lilivyokuwa na injini yake ya kale.

Kipimo ni kile kile cha gia ya juu. Chukua mizunguko ya nguvu kuu ya injini mpya, zidisha kwa mwendo wa tairi katika mzunguko mmoja, gawanya kwa uwiano wote wa gia, kisha uone kama jibu ni mwendo ambao gari laweza kuufikia. Likiwa juu mno, difu ni ya tambarare kupita kiasi. Likiwa chini mno, ni ya mlima kupita kiasi. Aidha, injini ikibadilishwa, mabadiliko hayo sharti yaandikishwe kwa mamlaka ya NTSA, la sivyo nambari ya injini haitalingana na hati za gari.

Kujua uwiano bila kufungua

Gari lililopitia mikono mingi huenda lilibadilishwa difu zamani, na kitabu chake hakitasema. Uwiano wake waweza kujulikana kwa jeki, chaki na uvumilivu.

Gari husimamishwa mahali sawa, magurudumu yaliyo chini yakazuiwa kwa vigingi imara, na giaboksi ikawekwa huru. Gurudumu moja la nyuma huinuliwa na ekseli kuwekewa kiegemeo thabiti. Propela hutiwa alama ya chaki. Kisha gurudumu lililoinuliwa huzungushwa mara 20 kamili, huku mwenzake akihesabu mizunguko ya propela. Kwa kuwa gurudumu moja limetulia, difu hugawa mwendo kwa nusu, na mizunguko 20 ya gurudumu ni sawa na 10 ya krauni. Propela ikizunguka mara 47, uwiano ni 4.7. Ikizunguka mara 35 na nusu hivi, ni 3.54.

Tahadhari moja yahusu Land Rover za Series. Breki yake ya mkono hushika propela, haishiki magurudumu. Ili kuhesabu, lazima iachiliwe, na hapo kinacholizuia gari lisiondoke ni vigingi pekee. Mtu asiingie chini ya gari kabla ya kuvihakikisha.

Kazi ya fundi

Krauni na pinioni husagwa pamoja kiwandani, zikawa kama mume na mke. Krauni ya difu moja haiozwi kwa pinioni ya nyingine, hata zikiwa na meno sawa. Anayenunua ya mitumba, iwe Kibuye mjini Kisumu au barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, anunue difu nzima pamoja na kasha lake, na ahesabu meno kabla ya kulipa. Nafasi kati ya meno hupimwa kwa kipimo maalumu, na mguso wake huonyeshwa kwa kupakwa rangi. Difu iliyofungwa kwa kukisia huanza kuvuma, na baada ya kuvuma huvunjika.

Land Rover ina ekseli mbili zinazoendeshwa. Difu ya nyuma ikibadilishwa, ya mbele sharti ibadilishwe pia. Zikitofautiana, siku dereva atakapounganisha magurudumu yote manne kwenye lami, ekseli zitavutana hadi kitu kikatike. Tena, Series III ndefu ya inchi 109 ina ekseli ya nyuma ya aina ya Salisbury, ambayo haipokei difu ya Range Rover. Mnunuzi achunguze kwanza.

Kenya hairuhusu kuingizwa kwa magari yaliyotumika yenye umri wa zaidi ya miaka minane. Kwa sababu hiyo, vipuri vingi vya magari ya kale hutoka kwenye magari mengine ya kale yaliyokwisha kuwamo nchini. Kila difu nzima inayotupwa kwenye chuma chakavu hupunguza akiba hiyo. Ya asili ikitolewa, yafaa ipakwe grisi na kuwekwa.

Njia ya kati

Yupo anayetaka utulivu wa Ahero bila kupoteza nguvu za Londiani. Kwake yeye, suluhisho la zamani ni gia ya ziada ya kampuni ya Fairey, iliyotengenezewa Land Rover za Series. Hufungwa nyuma ya giaboksi, na ikiingizwa huongeza mwendo kwa takriban asilimia 28. Kwa kilomita 80 kwa saa, injini hushuka hadi karibu mizunguko 2,300, na difu hubaki ile ya 4.7. Mlima ukifika, dereva huiondoa kwa kuvuta kijiti. Spidomita huendelea kusema kweli, na breki ya injini hubaki ilivyokuwa. Kipuri hicho ni adimu na si rahisi bei, tena hakifai kuvutia mizigo mizito mlimani.

Wengine hutia matairi makubwa zaidi. Tairi refu kwa asilimia 5 lina athari sawa na kupunguza uwiano wa difu kwa kiasi hicho, nayo spidomita hupotoka kwa kiasi hicho pia. Ni hatua ndogo, ya bei nafuu, na yaweza kurudishwa nyuma.

Basi uamuzi hutegemea safari ambazo gari hufanya kwa kweli. Gari linalotembea kando ya ziwa pekee, kutoka Kisumu hadi Katito, Kendu Bay na Homa Bay, likiwa na watu wawili na mizigo myepesi, laweza kufaidika na difu ya tambarare. Gari linalopanda Kericho au Nandi Hills likiwa limejaa lafaa libaki na difu iliyochaguliwa na waliolitengeneza. Na lile lililotiwa injini ya dizeli lipimwe upya tangu mwanzo, kwa karatasi na kalamu, kabla ya jeki kuguswa.